Kuosha, kupiga polishi na kupaka waksi lori nyumbani: mambo ya kuzingatia ukanda wa pwani

Kwa familia nyingi za Tanga, Canter au Fuso linalolala uani ndilo shamba, ndilo duka, ndiyo ada ya watoto. Likikaa wiki mbili gereji kwa sababu sakafu ya kabini imeoza, nyumba nzima inajua. Hata hivyo, kazi ya kulitunza kwa nje huachiwa utingo na ndoo moja ya maji, Jumapili jioni, jua likiwa bado kali na bodi ikiwa ya moto.

Makala haya yanaeleza namna ya kuosha, kupiga polishi na kupaka waksi lori la mzigo nyumbani, hasa kwa wanaoishi karibu na bahari. Tumeyaandika kwa kufikiria lori dogo au la kati, la tani 3 hadi 10, linalopita Muheza, Korogwe, Pangani na Horohoro, na linalobeba kila kitu: saruji leo, machungwa kesho, chumvi keshokutwa. Mwenye pikapu naye atafaidika, ila kazi yake itakuwa fupi.

Tuanze na tofauti ambayo huwachanganya wengi. Kuosha huondoa uchafu uliokaa juu ya rangi. Polishi huondoa sehemu ndogo ya rangi yenyewe, kwa kuisugua, ili chini yake patokee uso laini unaong'aa. Waksi haiondoi kitu, bali huongeza utando mwembamba juu ya rangi ili jua, maji na chumvi vikutane na huo utando kwanza. Kwa hiyo anayepiga polishi kila mwezi akiamini analinda rangi, anaimaliza. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni, tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, huwa na unene wa karibu mikroni 40 hadi 50. Unywele wa binadamu ni takribani mikroni 70. Hiyo ndiyo akiba uliyonayo, na ikiisha hairudi mpaka gari lipigwe rangi upya.

Kutu huanzia usikokuona

Mtu akisema lori lake ni safi, mara nyingi anamaanisha kabini. Lakini hapa pwani kinachoua lori kipo chini: chesisi, maungio ya bodi, springi, mabomba ya breki, mikono ya milango kwa ndani, na pembe za chini ya ngazi za kupandia. Hewa ya bahari hubeba chembe za chumvi. Chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma hubaki na majimaji hata siku ambazo hakuna mvua, na maji yenye chumvi huharakisha kutu kuliko maji matupu. Lori linalobeba chumvi kutoka kwenye mashamba ya chumvi, au samaki wenye barafu inayoyeyuka na kuchuruzika, huwa kwenye hali mbaya zaidi, maana hapo chumvi haiji kwa upepo, inamwagwa.

Tope nalo lina hila yake. Udongo mwekundu wa barabara za Amani na Maramba ukishikamana kwenye kona ya chesisi hukaa kama sponji. Juu umekauka, ndani una maji, na nyuma yake chuma kinaliwa polepole. Ukiligonga bonge hilo miezi sita baadaye, linadondoka pamoja na magamba ya kutu.

Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza unaweza kumshangaza anayependa kung'arisha: kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu wiki hii, osha chini. Kabini inaweza kusubiri.

Kabla hujafungua maji

Chagua mahali tambarare penye kivuli. Funga breki ya mkono na uweke mawe au vigingi imara mbele na nyuma ya matairi. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa kuoshea, lakini usiliache lori hapo usiku kucha: utomvu wa mwembe na kinyesi cha popo na ndege vyote hula rangi, na vikikaukia juani siku chache huacha alama ambayo polishi haiitoi. Ukikuta doa bichi, lilowanishe kwa kitambaa chenye maji kwa dakika kadhaa, kisha lifute. Usikwangue kwa kucha wala kisu.

Kama lori ni tipa na unataka kuosha chini ya bodi iliyoinuliwa, lisiwe na mzigo, na nguzo yake ya usalama isimamishwe kabla ya mtu yeyote kuingia chini. Usitegemee mafuta ya haidroliki peke yake. Bomba likipasuka au mtu akigusa mkono usiostahili kuguswa, bodi hushuka kwa sekunde. Vivyo hivyo kwa kabini inayopinduliwa: hakikisha komeo lake limejifunga. Watoto wa nyumbani hupenda sana siku ya kuosha lori, na wanaweza kusaidia kwa rimu na taa, lakini wasipite chini.

Halafu kuna suala la saruji na chokaa, ambalo kwa Tanga halikwepeki. Kiwanda cha saruji kipo Pongwe, chokaa inachomwa upande wa Amboni, na lori likitoka huko huwa jeupe hadi kwenye kioo. Wengi hulimwagia maji papo hapo. Hilo ni kosa. Vumbi la saruji likipata maji huanza kuganda, na likigandia kwenye rangi, kwenye raba za milango au kwenye mapezi ya rejeta, kulitoa ni kazi ya wiki. Vumbi la saruji na chokaa huondolewa likiwa kavu: kwa upepo wa kompresa kama upo, au kwa brashi laini ya manyoya marefu, ukipangusa bila kukandamiza. Maji yaje baadaye, na yaje mengi kwa mkupuo, ili yaoshe badala ya kukoroga.

Chokaa iliyochomwa ambayo haijazimwa ni hatari zaidi. Ikikutana na maji hutoa joto kali, na huweza kuunguza ngozi na kuharibu jicho. Anayefagia bodi iliyobeba chokaa avae barakoa, miwani ya kazi na glavu, na afagie hadi kwenye nyufa za mbao. Ikimwingia mtu machoni, asuuze kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 20 na apelekwe hospitali. Asisugue, wala asingoje kuona kama litatulia lenyewe.

Kwa matone ya saruji yaliyokwisha kuganda, siki ya kawaida ya jikoni iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu husaidia. Loweka kitambaa, kibandike juu ya doa kwa dakika 10, futa, rudia, kisha suuza vizuri. Asidi kali za kusafishia vyoo zisikaribie gari. Zinatoa saruji kweli, lakini zinatoa pia rangi ya kromu, zinatoboa aluminiamu na zinaacha chuma kikiwa tayari kushika kutu.

Maji ya kisima na sabuni ya unga

Visima vingi vya mitaa iliyo karibu na bahari vina maji yenye chumvi. Watu huyaogea, hufulia, na bila shaka huoshea magari, kwa sababu ni ya bure. Fikiria kinachotokea: unaosha ili kuondoa chumvi, kwa maji ya chumvi, kisha unaacha yakaukie kwenye chuma. Kama huna njia nyingine, tumia ya kisima kwa kulowesha na kuondoa tope, lakini suuza ya mwisho, hasa ya chini, iwe kwa maji baridi ya bomba au ya mvua yaliyokingwa. Msimu wa masika, mapipa mawili chini ya bati yanatosha kwa suuza nzima ya Canter. Ukijipanga, Canter moja huoshwa kwa ndoo 15 za lita 20, nazo nne za mwisho ndizo zinazohitaji kuwa maji mazuri.

Kuhusu sabuni, swali linaloletwa mara nyingi kwenye simu ya studio ni hili: "Dada, sabuni ya unga ina ubaya gani, mbona povu lake zuri?" Povu si kipimo. Sabuni ya unga ya kufulia imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na kwenye gari inang'oa waksi yote uliyopaka. Punje zake zisizoyeyuka hukwaruza, na ikikaukia juani huacha rangi imefifia, raba za vioo zimekauka. Tumia sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya magari. Madukani ipo kwenye madumu, na kofia moja hutosha ndoo nzima. Ikikosekana, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo sana, inakubalika mara moja moja, hasa siku ambayo utapiga polishi na waksi upya, kwa sababu siku hiyo unataka waksi ya zamani itoke.

Kazi yenyewe

Subiri injini, breki na bodi vipoe. Ukigusa boneti kwa kiganja na ukalazimika kutoa mkono, bado. Maji baridi kwenye rimu ya moto, au kwenye diski iliyotoka kushuka milima ya Lushoto, huweza kuipinda au kuipasua.

Anza chini. Ingiza mpira wa maji kwenye chesisi kutoka mbele kwenda nyuma, ukikaa zaidi kwenye sehemu zilizofichika: juu ya tenki la mafuta, nyuma ya matairi, mahali bodi inapokutana na chesisi, ndani ya mapezi ya matope. Bonge la tope gumu lilowanishe kwanza, kisha uling'oe kwa kijiti cha mbao. Chini ya kila mlango wa kabini kuna matundu madogo ya kutolea maji. Yazibue kwa kijiti au waya usio na ncha kali. Matundu hayo yakiziba, mlango hugeuka ndoo na kuoza kutoka ndani. Wewe unaliona tatizo siku rangi inapovimba kwa nje, na wakati huo bati la ndani limekwisha.

Ukitumia mashine ya presha, usisogeze mdomo wake karibu zaidi ya sentimita 30, na usiuelekeze kwenye mapezi ya rejeta, nyaya, viungio vya umeme, raba za propela shafti wala ubavu wa tairi. Presha hiyo hiyo inayong'oa tope hung'oa grisi na kusukuma maji ndani ya beringi. Mahali ambapo rangi imeanza kunyanyuka, presha huichuna kama ganda la chungwa.

Baada ya chini, nenda kwenye matairi na rimu. Tenga brashi na ndoo ya rimu peke yake, maana vumbi la breki lina chembe za chuma. Kitambaa kilichofuta rimu kisiguse kabini hata kama umekisuuza.

Sasa panda juu. Mwagia kabini nzima maji matupu kuanzia paa hadi chini kabla ya kuigusa na sponji. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoharibu rangi kuliko jua. Mikwaruzo ile ya mviringo unayoiona kwenye milango jua likipiga imetokana na mchanga uliosuguliwa na kitambaa. Mchanga ukishateremka, tumia ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya maji matupu. Sponji inachota sabuni, inaosha sehemu ndogo, inasuuzwa kwenye ndoo ya pili, inakamuliwa, ndipo inarudi kwenye sabuni. Ukimaliza, tazama chini ya hiyo ndoo ya pili. Mchanga utakaouona hapo ndio ambao, kwa ndoo moja, ungekuwa unaupaka kwenye gari.

Tumia sponji laini, glavu ya kuoshea au taulo la pamba. Dodoki liache bafuni. Osha paa, vioo, boneti au uso wa mbele, milango, kisha sehemu za chini zilizo na tope zaidi. Suuza kila upande kabla sabuni haijakauka. Lami iliyorukia chini ya milango usiisugue kwa sabuni mpaka mkono uume. Kitambaa chenye mafuta kidogo ya taa huilainisha, kisha osha sehemu hiyo mara moja kwa sabuni.

Mabango ya kuakisi mwanga, taa na namba za gari zioshwe kwa mkono, kwa sabuni na maji tu. Usiyapige polishi mabango hayo. Uso wake ukikwaruzwa hayaakisi tena vizuri, na lori lililoharibika usiku kando ya barabara ya Segera linategemea hayo ili basi linalokuja liliona.

Kausha. Maji yakiachwa yakauke yenyewe, hasa ya kisima, huacha madoa meupe ya madini. Taulo kubwa la pamba la mtumba, lililofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo, hufanya kazi nzuri. Fungua milango ukaushe kingo zake na ngazi. Bodi ya mbao iachwe wazi bila turubai hadi ikauke kabisa, kwa sababu mbao mbichi iliyofunikwa huoza na kuozesha na nati zinazoishika.

Kupuliza dizeli na mafuta machafu

Waosha magari wengi humalizia kwa kupulizia dizeli chini ya gari, na wateja hupenda, maana chesisi hung'aa nyeusi. Mng'ao huo haudumu. Dizeli hulainisha na kuvimbisha raba za bushi, za springi na za mabomba, hunasa vumbi hadi likawa uji mzito, na ikirukia kwenye tairi au viatu vya breki inakuwa habari nyingine. Oili chafu ya injini ina ubaya wa dizeli na inaongeza wa kwake, kwani inadondoka kila mahali unapoegesha. Ukitaka kulinda chesisi, kwangua kutu kwa brashi ya waya, osha, kausha siku nzima, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeusi ya chesisi. Ni kazi ya mara moja kwa mwaka au miwili, na inashinda kupuliza dizeli kila Jumapili.

Wapo pia wanaong'arisha matairi kwa mafuta ya breki. Mafuta hayo yakidondokea kwenye rangi huibabua, wakati mwingine ndani ya saa chache. Tairi safi halihitaji kung'aa.

Polishi: mara moja kwa mwaka inatosha

Kwanza hakikisha uso ni safi kweli. Pitisha ncha za vidole juu ya rangi iliyokauka ukiwa umevifunika kwa karatasi laini ya nailoni, kwa mfano ile ya mkate. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini ya kufungia vyakula bado ipo. Ukisikia vipele kama msasa laini, kuna chembe za saruji, lami au kutu ya breki zimejikita. Upo udongo maalumu wa kuzitoa, unaofanana na ule wa watoto wa kufinyangia, ambao hutelezeshwa juu ya rangi iliyolowanishwa kwa maji ya sabuni. Ukikosekana, rudia siki na mafuta ya taa kwenye madoa hayo tu.

Halafu ujue una rangi ya aina gani. Chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hakuna klia juu: unasugua rangi yenyewe, jambo la kawaida kwa malori ya zamani na yaliyopigwa rangi mtaani. Rangi ya namna hiyo hufifia na kuwa na ungaunga juani, na polishi huirudisha vizuri sana, lakini kila mara inaipunguza. Kitambaa kikibaki bila rangi hiyo, una klia. Na kama klia imeanza kubanduka kwa magamba juu ya paa, acha. Polishi haiwezi kuiunganisha, hapo ni kazi ya mpiga rangi.

Makopo ya madukani yana majina yanayochanganya: kopo limeandikwa polishi na ndani ni waksi, au vyote viwili. Weka tone kati ya vidole viwili na usugue. Ukisikia chembechembe, ina kikwaruzo ndani, hiyo ni polishi. Kompaundi, ambayo mafundi huitumia baada ya msasa, ina kikwaruzo kikali zaidi. Hiyo usiitumie kwenye gari zima. Anza na iliyo laini kabisa. Kama inatosha, huna sababu ya kwenda kwenye kali.

Fanya kazi kivulini, sehemu ya ukubwa wa nusu meta kwa nusu meta, kwa kitambaa laini kisicho na kifungo wala mshono. Sugua kwa mkono wenye nguvu ya wastani, mistari ya kwenda na kurudi, kisha ya kukatiza, hadi polishi iwe utando mwembamba unaopitisha nuru, halafu ifute. Kabini ya Canter kwa mkono huchukua saa tatu au nne, na mabega yatakuambia. Mashine ya kuzungusha hurahisisha, lakini mikononi mwa asiyeizoea hula rangi ya kwenye kona na kingo haraka mno, kwa sababu huko ndiko rangi ilipo nyembamba zaidi. Kingo hizo zibandike utepe wa karatasi kabla ya kuanza.

Kwa wenye malori yenye maandishi ya mkono, yale ya mlangoni na ya nyuma ambayo mchoraji wa mtaani aliyachora kwa brashi: yapite mbali. Maandishi hayo yamechorwa juu ya kila kitu, hayana klia, na polishi huanza na hayo. Yapake waksi tu. Lori likifutika jina lake, hata wateja wa Majengo sokoni watauliza limeuzwa lini.

Plastiki nyeusi za bampa na vioo vya pembeni zisiguswe na polishi, itazikaukia nyeupe kwenye vinyweleo.

Waksi, na nta ya nyuki

Waksi hupakwa juu ya rangi safi, kavu na iliyopoa, iwe ulipiga polishi au hukupiga. Paka kidogo. Tabaka nene halilindi zaidi, linakusumbua kulifuta tu. Paka sehemu moja, acha ikauke hadi ukipitisha kidole iache alama safi, kisha futa kwa kitambaa kingine kikavu, ukikigeuza mara kwa mara. Usisahau kingo za ndani za milango, chini ya kitasa, na nyuma ya namba ya mbele. Chumvi inakaa huko.

Waksi zinazosifiwa zaidi kati ya zile za asili hutokana na majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota Brazil, uitwao kanauba. Nta yake ni ngumu na huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 80 za Selsiasi. Nta ya nyuki, ambayo Tabora inayo kwa wingi, huyeyuka kwenye takribani nyuzi 62 hadi 64, na bati la rangi nyeusi juani linaweza kuvuka hapo. Ndiyo maana nta ya nyuki peke yake kwenye paa la lori hulainika na kunasa vumbi. Kwenye mbao za bodi na kwenye bawaba, hata hivyo, inafaa.

Kwa jua letu, waksi ya kanauba hudumu mwezi mmoja au miwili. Zile za viwandani zisizo za asili hudumu zaidi, miezi minne hadi sita. Kwa lori la kazi tungechagua hizo za viwandani bila kusita, hata kama hazitoi ule mng'ao wa kina. Kipimo cha kujua kama ipo bado ni maji: yakijikusanya kuwa matone na kuteremka, ipo. Yakitandaa kama shuka, imekwisha, paka nyingine.

Usipake waksi kwenye kioo cha mbele. Usiku wa mvua waipa hucheza juu yake na taa za wanaokuja hutawanyika machoni pa dereva.

Maji machafu yaende wapi

Maji yanayotoka chini ya lori yana oili, grisi, saruji na vumbi la breki. Osha juu ya changarawe au majani, mbali na kisima, na usiyaelekeze kwenye mtaro wa mvua unaoishia baharini. Matone makubwa ya oili yakaushe kwanza kwa pumba za mbao au mchanga, uyazoe.

Mtoni si mahali pa kuoshea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au ufukwe shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira. Na kwa sisi wa Tanga kuna sababu iliyo karibu zaidi kuliko sheria: maji ya bomba ya jiji hutoka bwawa la Mabayani, na bwawa hilo hujazwa na mto Sigi. Anayeingiza lori mtoni huko juu anaoshea kwenye jagi la familia yake.

Kabla ya kurudi barabarani

Lori linalobeba chumvi au samaki lisuuzwe chini siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nne usiku na ni maji matupu bila sabuni. Lori la mizigo mingine lioshwe chini kila wiki wakati wa masika na kila wiki mbili kiangazi. Waksi kila maji yanapotandaa. Polishi mara moja kwa mwaka, na mwaka ambao rangi haijafifia, iruke.

Kila baada ya kuosha chini kwa presha, tia grisi upya kwenye krosi, pini za springi na mikono ya usukani, hadi grisi ya zamani ianze kutoka na maji. Kisha washa gari, endesha polepole mahali pasipo na watu, na ukanyage breki mara tano au sita hadi uhisi zimekauka na lori linasimama bila kuvuta upande mmoja. Likivuta, usipakie mzigo mpaka fundi aliangalie.